Dawa ya Macho Meupe

Kuna watu wana pumu, kuna watu wana vidonda vya tumbo. Mimi nina macho yanayowasha. Yamenisumbua tangu nikiwa shule ya msingi, na si ule muwasho wa kufikicha mara moja ukasahau. Huu unakaa ndani, chini ya kope ya juu, kama mtu amepaka pilipili halafu akamwaga mchanga juu yake. Januari na Februari, Kinoo inapokauka na vumbi la kando ya Waiyaki Way linapopanda hadi kwenye nguo zilizoanikwa, nilikuwa naamka kope zimegandana. Mama ananiosha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi ndipo ninajua kumekucha. Nikifikicha nasikia utamu, utamu wa aibu hivi, halafu macho yanakuwa mekundu na mazito, na ule weupe wake unageuka rangi ya chai.

Nyumbani hilo lilikuwa jambo la kawaida. Shida ilianza nilipoingia sekondari.

Shule yetu ni ya kutwa, wavulana na wasichana, upande wa Mountain View. Ukiwa na macho mekundu pale, hakuna anayekuuliza kama unaumwa.

"Niaje, siste. Leo umevuta ya wapi?"

"Hiyo si ya hapa, hiyo imevuka mpaka. Angalia rangi."

"Mwachieni. Hapo alipo anaongea na malaika."

Mimi si mtu wa kujibu. Mtu akiniambia neno, jibu zuri linanijia jioni nikiosha vyombo. Kwa hivyo nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukachukuliwa kuwa kukiri. Habari zikafika kwa naibu wa mwalimu mkuu, ambaye tulimwita Depu. Asubuhi moja, gwaride limesimama, akaniita mbele ya shule nzima, akashika vidole vyangu akavinusa.

"Fungua mdomo. Toa ulimi. Pumua."

Nikapumua.

"Huyu ananuka kitunguu," akasema, na shule nzima ikacheka hadi walimu. Lakini bado alinituma nimlete mzazi.

Mama yangu ni fundi wa nguo. Anashona sare za shule kwenye kibanda chake pale Kinoo, na siku hiyo alikuja na futi ya kupimia bado imemning'inia shingoni. Alimsikiliza Depu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, huyu msichana hata soda ikiwa na gesi nyingi anakohoa. Bangi ataiweza na kifua gani?"

Tulipotoka getini alinipeleka moja kwa moja kwenye kliniki ndogo huko Satellite ambako alisikia kuna daktari anayejua macho. Daktari akaigeuza kope yangu nje kwa kijiti cha pamba, akaangalia vile vipele vya ndani, akasema ni aleji. Akatupa dawa mbili za matone. Ya kwanza ya kutumia polepole, miezi na miezi, akasema haitaonyesha kitu haraka lakini tuvumilie. Ya pili ilikuwa kachupa kadogo keupe.

"Hii ni ya kuzima moto tu," akasema. "Wiki moja, halafu mnarudi nimwangalie."

Tulimsikia vizuri. Mama hata alirudia: wiki moja, ndiyo daktari.

Ile ya polepole ilikuwa kama kutia maji. Lakini kachupa keupe! Kabla wiki haijaisha muwasho ulikuwa umekwisha, na macho yangu yalikuwa meupe. Sijui nitaelezaje. Sikuwa nimewahi kuyaona meupe. Nilisimama mbele ya kioo cha kabati la Mama nikawa nayafungua na kuyafumba kama mtu anayejaribu viatu vipya. Mama akasimama nyuma yangu, akaanza kuimba wimbo wa kanisani bila maneno.

Kwa daktari hatukurudi. Kwetu mtu akipona harudi hospitali kusema amepona, hiyo ni kumpotezea daktari saa zake na wewe zako. Ukirudi, unarudi kwa sababu umezidiwa. Ile dawa ya polepole ikakaukia kabatini.

Na kwetu kiboksi cha dawa hakitupwi. Mama ana mkebe wa biskuti umejaa viboksi: cha tumbo la Baba, cha mgongo wake mwenyewe, kimoja cha ng'ombe tuliyemuuza zamani. Dawa ikimkubali mtu, kiboksi chake kinahifadhiwa, na ugonjwa ukirudi unakipeleka kwa kemisti unasema, nipe kama hii. Hakuna haja ya kueleza, hakuna haja ya kupanga foleni kuanzia alfajiri. Majirani walimsifu Mama kwa huo mpango wake. Yeye ndiye mwanamke asiyepoteza kiboksi.

"Ile ndogo imemkubali msichana wangu," alikuwa akiwaambia. "Imemkubali kabisa."

Kwa hivyo muwasho uliporudi, akapeleka kiboksi. Kemisti wetu ni kijana mpole mwenye koti jeupe, na sisi sote tunamwita daktari. Mara za mwanzo alikisoma. Baadaye ilikuwa akimwona Mama anavuka barabara tu, mkono wake ushaenda kwenye rafu.

"Ya msichana?"

"Ya msichana."

"Bado inamsaidia?"

"Sana, daktari. Mungu akubariki."

Na kweli ilinisaidia, siwezi kudanganya. Ile miaka ya macho meupe ndiyo miaka niliyokuwa mtu. Nilikuwa natia tone asubuhi kabla ya chai, na lingine nikihisi tu kope imeanza kuzungumza. Niliibeba ndani ya soksi shuleni. Nilipigwa picha ya darasa nikiangalia kamera. Yule kijana aliyekuwa ananiuliza nimevuta ya wapi alinitazama siku moja akasema, "Manze, uliacha?" Nami nikasikia mdomo wangu wenyewe ukijibu, "Niliacha, nimeokoka." Akacheka. Ule ulikuwa mzaha wangu wa kwanza shuleni, na nilitembea nao wiki nzima.

Sasa, yale mengine yaliingia taratibu sana. Taa za barabarani zilianza kuwa na duara la rangi, na nikadhani ni ukungu wa Limuru umeshuka. Nilikuwa nagonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango, mlango ule ule wa jikoni niliokulia. "Tembea kama mtu," Mama ananiambia. Kwenye mpira wa wavu nilipigwa mpira usoni, nikasema jua liliniingia machoni. Wasichana wa darasa letu wakaanza kununa.

"Siku hizi unatupita tu. Umekuwa mtu mkubwa?"

"Nimewapita wapi?"

"Hapo kantini. Nimekupungia mkono mpaka nikachoka. Unajiona."

Sikuwa nimemwona mtu. Lakini mtu mwenye haya huwa haangalii watu, anaangalia chini, na mimi nimezoea kuambiwa sikuona hiki wala kile. Nikafikiri ni haya zangu zimezidi. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, kwamba upande mzima ulikuwa unazimika na mimi nadhani ni tabia yangu.

Aliyegundua ni sindano. Mama macho yake yamechoka kwa kazi, kwa hivyo kumtungia uzi sindano ni kazi yangu tangu utotoni. Jumamosi moja nilijaribu nikashindwa. Uzi unapita kando ya tundu. Nikalamba uzi, nikajaribu tena, ukapita kando. Mama akasimamisha cherehani akacheka.

"Umezeeka kunishinda?"

"Ni hii sindano."

"Sindano gani? Lete." Akaitunga mwenyewe, kwa shida, akiwa ameishika mbali na uso. Akaniangalia. "Na ubaoni unaona?"

Nikasema naona nikikaa mbele. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekaa mbele na bado nanakili kwa jirani.

Alikuwa anaenda mjini kununua zipu na vifungo, akanichukua. Katikati ya mji, kwenye zile barabara za maduka ya vitambaa, kuna duka la miwani ghorofa ya kwanza ambalo lina bango la kupimwa bure. Tulipanda ngazi tukiwa na mfuko wa zipu. Mama alikuwa ananitania kwamba nichague fremu ya kunifanya nionekane mwalimu, maana labda wanafunzi wangeniogopa.

Msichana wa pale alinisomesha herufi, kisha akaniweka kwenye mashine inayopuliza hewa kwenye jicho. Pu. Akarudia. Pu. Akarudia la kushoto mara nyingine, akainuka akaenda kumwita mzee mmoja wa nyuma. Mzee naye akapuliza. Halafu akavuta kiti akakaa karibu na Mama, si karibu nami.

"Mama, kuna dawa yoyote ya macho huyu anatumia?"

Naomba mtu anisaidie kuusahau uso wa Mama wakati huo, kwa sababu ulifurahi. Alikuwa amejitayarisha. Akafungua mkoba, akatoa kiboksi, kimenyooka, kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni kisilowe.

"Hii hapa. Mimi sipotezi."

Mzee akakisoma, akakigeuza. "Ametumia kwa muda gani?"

"Oh, miaka! Imemkubali sana."

Mzee akakiweka juu ya meza polepole. "Presha ya jicho lake iko juu sana," akasema.

"Presha? Mtoto mdogo hivi? Hata chumvi hatumii nyingi."

"Si ya damu, mama. Ya ndani ya jicho. Msimtilie tena hii dawa, hata leo jioni. Na msinunue miwani. Nendeni hospitali ya macho Jumatatu asubuhi, nitawaandikia."

Tukashuka ngazi. Chini Mama akakumbuka mfuko wa zipu umebaki juu, akasema niende mimi, halafu akasema hapana, tuache.

Hospitalini kuna kipimo ambacho bado nakiota. Unafunikwa jicho moja, unaweka kidevu mahali pake, unaangalia ndani ya kitu kama bakuli kubwa jeupe. Unapewa kitufe. Vimwanga vidogo vinatokea hapa na pale ndani ya bakuli, na kila ukiona kimoja unabonyeza. Hutakiwi kusogeza jicho. La kulia lilienda vizuri, nikabonyeza na kubonyeza kama mtu anayecheza gemu. Kisha wakafunika la kulia. Vikaja viwili vitatu vya katikati, halafu vikakoma. Nikasubiri. Mashine inaendelea kunguruma. Nikasubiri tena, mpaka nikaona aibu kwa niaba yao.

"Samahani," nikasema, "mashine imezima."

Nesi aliyekuwa anaisimamia akaniwekea mkono begani.

"Haijazima, mrembo. Endelea tu kuangalia katikati."

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alituonyesha karatasi iliyotoka kwenye mashine. Ya jicho la kulia ilikuwa na kivuli pembeni tu. Ya kushoto ilikuwa nyeusi yote, na katikati kadoa keupe kama tundu la kufuli. Akaeleza kwamba kachupa kale kana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Ni dawa nzuri, akasema, yeye mwenyewe huiandika kila wiki, lakini mgonjwa anapimwa presha ya jicho akiwa anaitumia, kwa sababu kuna watu ambao jicho lao hujibu kwa kujaa presha ndani. Presha inaubana mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, mshipa unakufa kidogo kidogo kutoka pembeni. Inaitwa glakoma. Wazee huipata bila kutumia chochote. Mimi niliipata kwa matone.

"Lakini hakuwahi kulia," Mama akasema. "Angelalamika ningejua. Mtoto huyu akiumwa mimi najua."

"Haiumi, mama. Ingeuma mngekuja mapema."

"Na ilikuwa inamsaidia."

"Ilimsaidia muwasho, ndiyo."

Mikono ya Mama ilikuwa inakunja ncha ya kitambaa chake cha kichwa, ikikunja na kukunjua kama anapima pindo.

"Hilo jicho litarudi lini?"

"Kilichokufa hakirudi. Tunachopigania sasa ni hiki kilichobaki. Hasa la kulia."

Nikapewa matone mengine. Haya ni ya kushusha presha, na nitayatia maisha yangu yote. Yanachoma, na mdomoni yanaacha uchungu. Nikapewa pia ile ya aleji ya polepole, aina ile ile iliyokaukia kabatini kwetu, na ushauri wa kitambaa cha maji baridi. Tulikubaliana nirudi kwenye bakuli baada ya muhula mmoja kuona kama la kulia limesimama au linaendelea kwenda.

Muhula ule sitaki kuusimulia wote. Muwasho ulirudi na hasira za miaka yote uliyofungiwa. Asubuhi kope zimegandana, mchana macho ni nyanya. Mwalimu wa Kiswahili aliniambia nijaribu kuwaza jambo jingine. Yule kijana akasema, "Kumbe umerudi kwa dhambi!" na kikundi kikaangua kicheko, na mimi sikuwa na mzaha wowote. Nilikalia mikono yangu darasani nisifikiche. Nyumbani Mama aliuchoma ule mkebe mzima pale nyuma ya nyumba, viboksi vyote, hata vya Baba, hata cha ng'ombe. Baba, ambaye kazi yake ni ya mbali, alipokuja mwisho wa mwezi akatafuta cha tumbo lake, akaambiwa. Usiku huo Mama hakula.

Na kilichonitisha zaidi ni kwamba mimi sikuhitaji kiboksi. Jina la dawa nalijua kama jina la kanisa letu.

Ijumaa moja nikitoka shule nilisimama kwa kemisti. Sikuwa nimekata shauri, au nilikuwa nimekata, sijui. Nilitaka tu siku mbili. Siku mbili za macho meupe, Jumamosi na Jumapili, nikae kanisani bila watu kunihama kwenye benchi. Kemisti akaniona, akatabasamu, na kabla sijafungua mdomo mkono wake ukaenda kwenye rafu. Akaiweka juu ya kaunta.

"Mlipotea sana. Nilidhani mmehama."

Kachupa keupe kalikuwa hapo, karibu na mkono wangu. Nilisikia kope zote mbili zikikaomba.

"Siitaki," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Eh?"

"Siitaki. Imenipofusha hili jicho."

Akainamisha kichwa kama anayesikiliza redio mbovu. "Nani amekuambia hivyo?"

"Hospitali."

"Aah, siste. Hao huogopesha watu. Hii nauzia watu kila siku na hawajarudi kulalamika."

"Haiumi," nikamwambia. "Ndiyo maana hawajarudi."

Hapo nyuma yangu kushoto sauti ya mwanamke ikasema, "Daktari, kama yeye haitaki, nipe mimi basi. Mtoto amefikicha tangu jana."

Nilishtuka. Sikuwa nimejua kuna mtu. Ilibidi nigeuze kichwa chote, mpaka kidevu kikafika begani, ndipo nikamwona, amesimama karibu kabisa, kitoto cha kike mgongoni kwenye leso, vumbi kwenye kope zake. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa na maneno yote. Nilisema, "Mama, usi..." yakakwama. Akanitazama macho yangu mekundu, akajivuta nyuma kidogo.

"Wee ndio unaleta ugonjwa hapa," akasema. "Sogea uniachie nafasi."

Kemisti akaisukuma chupa upande wake. Nikamwambia yule mwanamke, safari hii kwa nguvu kiasi kwamba wa nje waligeuka, "Wiki moja tu! Halafu umpeleke apimwe presha ya jicho. Wiki moja!" Alijibu, "Sawa, daktari mdogo," na wote wawili wakacheka. Nikatoka. Sijui alifanya nini. Huwa natazama watoto wa kike wadogo barabarani, natazama wanavyotembea, kama wanagonga vitu.

Shule zilipofungwa tulirudi hospitali. Nilifunikwa jicho, nikaangalia bakuli, nikabonyeza. Safari hii vimwanga vilipokoma upande wa kushoto sikuuliza kitu.

Daktari akazilaza karatasi mbili juu ya meza, ya zamani na mpya. Za kulia zilifanana. Akazipitishia kidole, akahesabu kimoyomoyo, akasema, "Limesimama. Hili tumelishika." Ya kushoto, lile tundu la kufuli lilikuwa limebaki kama ncha ya sindano.

"Hilo la kushoto tutaendelea kulitilia," akasema, "ila sitaki kuwadanganya."

Mama alikuwa amekaa wima tangu tuingie, amevaa koti la Jumapili. Akasema kwa adabu sana, kama anayeomba kuazima mkasi, "Daktari, mimi langu la kushoto ni zima. Nashona tu, na kushona mtu anaweza kushona na moja. Hamuwezi kulitoa mkampa?"

"Mama," nikasema.

"Nyamaza, ninaongea na daktari."

Daktari alivua miwani yake. Akamweleza kwamba kinachoweza kubadilishwa ni kile kioo cha mbele tu, na cha kwangu hakina shida. Mshipa wa nyuma hauungwi, si hapa, si popote.

"Kama uzi uliokatika?"

"Uzi unaungwa, mama. Huu hapana."

Mama akaitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akauliza kuhusu matone, ni saa ngapi, ni jicho lipi kwanza, na akarudia kila neno nyuma ya daktari, na safari hii aliporudia alikuwa anaangalia midomo yake.

Tukatoka tukavuka kuelekea katikati ya mji. Kulikuwa na jua na pikipiki zinapita hata pasipo na njia. Mama hakunishika mkono, anajua nachukia kushikwa mkono mbele ya watu. Alihamia tu upande wangu wa kushoto, kati yangu na magari, na tangu siku hiyo hutembea hapo kila tunapotoka. Hatujawahi kuzungumza juu yake. Nasikia viatu vyake, nasikia akiwafokea wenye pikipiki, "Wewe! Huoni mtu?" Nikitaka kumwona inabidi nisimame, nigeuke mwili mzima, naye ananiambia tusonge tutachelewa.